Ukisafiri ng'ambo, fedha zako ziwe wapi?

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)



Juma lililopita nilipata mgeni, kijana kutoka Amani, kule juu katika milima ya Usambara Mashariki. Mama yake na mimi tulikua pamoja, kwa hiyo yeye huniita mjomba. Alifika Tanga mchana, mavumbi ya njia ya Muheza yangali kwenye viatu, akiwa na mfuko wa hiliki, salamu za mama yake, na barua inayomwita masomoni Ulaya kwa muda wa miezi kumi. Kazi yake ni ya mimea, na wazungu wa huko wanataka akajifunze zaidi mambo hayo hayo.

Baada ya shikamoo na marahaba, na chai, akanitolea lililomleta. Nilidhani ataniuliza habari za baridi. Sivyo. Alisema, "Mjomba, fedha nizibebeje?"

Mpango wake, ambao aliupanga na jamaa zake nyumbani, ulikuwa hivi. Mama aliuza hiliki na pilipili manga za misimu miwili, akapata shilingi milioni moja na laki nane. Fedha hizo zigeuzwe dola zote, zishonewe ndani ya bitana ya koti. Mshahara wake, ambao utaendelea kuingia benki kila mwezi, uwe unachukuliwa na shemeji yake. Kwa hiyo kadi ya benki ibaki kwa shemeji, pamoja na namba ya siri, ili naye amlipie ada mdogo wake wa kike aliye shule ya bweni. Na posho ya wenyeji wake wa Ulaya, hiyo ataiona huko huko akifika.

Nikamwambia, "Mwanangu, hapo umepanga mambo matatu, na yote matatu yanaweza kukuliza." Tulikaa hadi magharibi tukiyachambua. Nami nikaona si vibaya kuyaleta hapa, maana watu wa pwani yetu tunasafiri sana: wapo wanaokwenda Maskati na Dubai kutafuta riziki, wanaokwenda India kutibiwa, wanaokwenda China kununua bidhaa, na wanaokwenda Hija.

Nianze na koti. Kijana wa Amani, kuliko kijana mwingine yeyote, anapaswa kujua kwamba noti ni karatasi. Wajerumani walipofungua kituo chao cha utafiti wa mimea pale Amani, mwaka 1902, fedha ya nchi hii ilikuwa rupia, nayo iligawanywa katika pesa 64. Mwaka 1904 wakabadilisha hesabu, rupia moja ikawa na heller 100. Babu zetu waliosikia neno hilo wakalitamka hela, na mpaka leo tunalitumia kila siku wala hatukumbuki lilikotoka. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, meli za Ujerumani zikashindwa kufika na fedha zikaadimika. Serikali yao ikachapa noti za muda humu humu nchini, na mwaka 1916 ikafua mjini Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Wajerumani waliposhindwa, aliyekuwa na sarafu ya Tabora alikuwa na dhahabu mkononi. Aliyekuwa na bunda la noti za muda alikuwa na bunda la karatasi.

Mtu atasema hayo ni ya zamani. Haya, tuje karibu. Usiku wa tarehe 8 Novemba 2016, Waziri Mkuu wa India, Bwana Narendra Modi, alitangaza katika televisheni kwamba noti za rupia 500 na rupia 1,000 hazitakuwa fedha halali kuanzia saa sita ya usiku ule ule. Noti hizo mbili zilikuwa kama asilimia 86 ya thamani ya fedha zote taslimu zilizokuwa mikononi mwa watu. Hospitali za serikali ziliruhusiwa kuzipokea kwa muda mfupi, lakini wagonjwa wengi wa kigeni hutibiwa katika hospitali za watu binafsi, na hizo hazikuwamo katika ruhusa. Fikiria umemsindikiza mzazi wako kwa upasuaji, mfukoni umejaza noti za 500 ulizobadilisha jana yake! Foleni za benki zilizunguka majengo. Aliyekuwa na kadi, au ambaye benki yake ilikuwa imeshapeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali, alisumbuka kidogo. Aliyetegemea mfuko wa shati alisumbuka sana.

Hata Waingereza, wanaosifika kwa kutobadilika, noti zao za karatasi za pauni 20 na pauni 50 ziliacha kutumika madukani tangu tarehe 30 Septemba 2022. Benki Kuu yao bado huzibadilisha, lakini mwenye duka hazitaki. Najua nyumba kadhaa hapa Ngamiani ambazo zina pauni za namna hiyo sandukuni, zimetunzwa tangu mjomba fulani aliporudi kutoka Uingereza.

Simwambii mtu asibebe fedha taslimu. Abebe, ila ziwe za kumfikisha na kumweka juma moja au mawili: teksi ya uwanja wa ndege, chakula, kitanda cha usiku wa kwanza, na akiba kidogo kama mashine itakataa kadi. Na abebe fedha ya kule anakokwenda kama inapatikana. Kijana wangu alitaka dola, na huko aendako wanatumia euro. Maana yake angepunjwa mara mbili, mara moja hapa akibadilisha shilingi kuwa dola, na mara ya pili kule akibadilisha dola kuwa euro. Wazee mnakumbuka miaka ile ya kudhibiti fedha za kigeni, ilipokuwa lazima kuomba kibali cha Benki Kuu hata kwa dola chache za safari, na wenye haraka wakienda kwa walanguzi. Sheria ya mwaka 1992 ndiyo iliyofungua maduka ya kubadilisha fedha. Kwa hiyo leo hakuna sababu ya kubadilishia uchochoroni, mahali ambapo hupewi risiti. Na kanuni zile za Machi 2025, zinazokataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini, baadhi ya watu wamezielewa vibaya. Hazikukatazi kuwa na dola zako wala kuwa na akaunti ya dola. Zinakukataza kununulia kiwanja au kulipia kodi ya nyumba kwa dola hizo.

Kwa wenye fedha nyingi, kumbukeni kuwa anayevuka mpaka wetu na fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 anatakiwa kuzitangaza kwa forodha, na Umoja wa Ulaya nao unataka hivyo hivyo kwa euro 10,000. Si kosa kuwa nazo. Kosa ni kunyamaza. Mzigo wa kijana wangu ulikuwa kama dola mia saba, kwa hiyo hapo hakuwa na wasiwasi.

Anayekwenda Uarabuni ana nafuu moja ambayo wengi hawaijui. Fedha za nchi kadhaa za huko zimefungwa kwa dola na hazipandi wala kushuka. Tangu mwaka 1986 rial moja ya Oman ni dola 2.6008, na dola moja ni riyal 3.75 za Saudia. Tangu mwaka 1997 dola moja ni dirham 3.6725 za Falme za Kiarabu. Basi hesabu ni nyepesi. Ukitoa dola 100 mjini Maskati, utegemee rial 38 na baisa mia nne na kitu. Ukipewa rial 36, usibishane naye, vuka barabara uende duka jingine. Aliyezoea shilingi, ambayo bei yake hubadilika kila asubuhi, hudhani na huko ni hivyo, akakubali lolote aambiwalo.

Sasa tuje kwenye kadi. Kadi ya benki zetu yenye alama ya Visa au Mastercard hufanya kazi katika nchi nyingi. Unaitia katika mashine ya kutolea fedha mjini Berlin, mashine inaiuliza benki yako iliyoko Tanzania, benki inajibu kwamba fedha zipo au hazipo, na yote hayo ni kwa sekunde chache. Lakini safari hiyo ina ushuru. Benki yako hutoza ada, mwenye mashine naye mara nyingi hutoza yake, na juu yake kuna makato ya kubadilisha shilingi kuwa fedha ya huko. Tuseme, kwa mfano tu, kila kutoa fedha ni dola 4, na makato ya kubadilisha ni asilimia 3. Mtu anayetaka dola 400 akazitoa hamsini hamsini, mara nane, atalipa dola 32 za ada na dola 12 za kubadilisha, jumla dola 44. Akizitoa mara moja atalipa dola 16. Kwa hiyo kabla ya kuondoka muulize karani wa benki maswali matatu tu: ada ya kutoa fedha nje ni kiasi gani, makato ya kubadilisha ni asilimia ngapi, na kikomo cha kutoa kwa siku ni kiasi gani. Akikujibu "inategemea", kaa hapo hapo kitini mpaka itegemee kitu.

Kuna hila moja ya mashine za huko ambayo napenda kuieleza taratibu. Ukilipa dukani au ukitoa fedha, mashine inaweza kukuuliza kwa upole kama ungependa kukatwa kwa fedha ya kwenu badala ya fedha ya pale. Swali linavutia, maana shilingi unazielewa. Kataa. Ukikubali, bei ya kubadilisha inapangwa na mwenye mashine, na hakuipanga kwa kukuhurumia. Chagua fedha ya nchi uliyomo.

Hoteli nazo zina desturi ya kushika fedha. Unapofika, wanapitisha kadi yako na kuzuia kiasi fulani kama dhamana. Hawajazichukua, lakini nawe huwezi kuzitumia, na zinaweza kuchukua siku kadhaa kuachiwa baada ya wewe kuondoka. Mwenye akaunti nene hata hajui kama limetokea. Mwenye akaunti nyembamba hulala na njaa wakati fedha zake zipo.

Hapo niseme lililonipata mwenyewe. Mwaka 2011 nilikuwa katika mji mmoja wa Ulaya, jioni ya Ijumaa, na mashine ikaimeza kadi yangu. Ndiyo pekee niliyokuwa nayo. Benki yenye mashine ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu. Nikatoa karatasi yenye namba ya simu ya benki yangu ya nyumbani, nikapiga, nikasikia mlio tu. Namba ile ilikuwa ya kupiga bure, inayoanza na 0800, na namba za namna hiyo kwa kawaida hazipatikani kutoka nje ya nchi. Nilikula mkate na chai siku mbili, kwa hisani ya Msomali mmoja mwenye duka. Jumatatu nikaambiwa kadi ya benki ya kigeni ikimezwa haimrudii mtu, huharibiwa. Tangu siku ile nasafiri na kadi mbili za benki mbili tofauti, moja mfukoni na moja ndani ya sanduku, na nina namba ya benki inayoanza na 255, imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi. Simu nayo huibiwa, tena mara nyingi huibiwa pamoja na mkoba.

Anayekwenda China ajue zaidi ya hapo. Huko watu wengi hulipa kwa simu, na maduka madogo mengi hayana habari na Visa wala Mastercard. Baadhi ya benki zetu hutoa kadi za UnionPay, ambazo ndizo za Wachina wenyewe, na tangu mwaka 2023 imekuwa rahisi zaidi kwa mgeni kuunganisha kadi yake na programu zao za kulipia. Ulizia kabla ya kupanda ndege.

Sasa lile la shemeji. Hapa ndipo tulipovutana na mpwa wangu, kwa sababu alidhani namtukana shemeji yake. Simjui kwa ubaya wowote. Lakini sote tunawajua walimu na wastaafu ambao kadi zao zimekaa kwa wakopeshaji mitaani, pamoja na namba ya siri, na mwisho wa mwezi mkopeshaji ndiye anayetangulia benki. Kadi ikishatoka mkononi mwako pamoja na namba, benki haitakusikiliza. Kwao, aliyeingiza namba sahihi ni wewe. Na shemeji, hata awe malaika, ana watoto wanaougua na mvua inayobomoa ukuta. Atachukua elfu hamsini kwa nia ya kurudisha. Mwezi wa tano utamkuta hajui amechukua ngapi, nawe uko mbali, unapiga simu kuuliza ada, na binti amerudishwa nyumbani.

Ipo njia nyingine. Benki hupokea agizo la kudumu, yaani unaandika mara moja kwamba kila mwezi, au kila muhula, kiasi fulani kitoke katika akaunti yako kiende kwenye akaunti ya shule. Shule nyingi sasa hulipwa kwa benki. Ya matumizi ya mama yanaweza kwenda kwake mwenyewe. Na kama kuna mambo yanayohitaji mtu wa kusaini kwa niaba yako, kuna hati ya uwakili, inayoandikwa mbele ya mwanasheria, ikitaja wazi anachoruhusiwa kufanya na asichoruhusiwa. Shemeji anaweza kupewa hiyo. Heshima yake inabaki, na hesabu inabaki.

Jambo la mwisho tulilolichambua ni dogo kwa umbo, nalo ndilo linalowaangusha wengi siku hizi. Benki inapotaka kuhakikisha kwamba ni wewe unayenunua kitu au kuhamisha fedha kwa mtandao, hutuma namba fupi kwenye simu yako. Inaituma kwenye laini ya Tanzania. Kijana akifika Ulaya ananunua laini ya huko, ile ya nyumbani anaitupa ndani ya begi, au anampa rafiki. Siku anapotaka kulipa kodi ya chumba, namba fupi inakwenda mahali asipokuwepo. Tena laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine kabisa. Na kuirudisha si kazi ya kumtuma ndugu: tangu usajili wa alama za vidole ulioanza mwaka 2019, laini yako inataka kidole chako. Kwa hiyo uliza mapema kama laini hiyo inapokea ujumbe ukiwa nje, itie salio kidogo kidogo, itumie mara kwa mara, nayo ikae katika simu unayoiwasha. Na akina mama nyumbani waambiwe kwamba mwanao akiwa ng'ambo hatatuma ujumbe wa "hela tuma kwenye namba hii" kutoka kwenye namba usiyoijua. Wezi wanajua nani ana mtoto nje. Mpwa wangu na mama yake wamepanga neno lao la siri. Sikuliuliza.

Kuhusu ndugu zetu wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni, ushauri wa kadi mbili ni kama mzaha kwa mtu asiyelipwa. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwaka 2017 baada ya kuwahoji Watanzania 50 waliofanya kazi hizo Oman na Falme za Kiarabu. Humo mna habari za pasipoti zilizochukuliwa na mishahara iliyozuiwa au kulipwa pungufu. Kwa binti wa namna hiyo, swali la kwanza kabla ya kusaini mkataba liwe: mshahara wangu utaingia wapi, na nani atashika kadi yake? Mwajiri akisema atamtunzia mpaka mwisho wa mkataba, hilo ni jibu tosha, na safari iahirishwe. Na yule ambaye analipwa vizuri asiuache mshahara wote ukae huko. Siku hizi fedha zinaweza kutumwa kutoka Maskati na kuingia katika simu ya mzazi Muheza kabla chai haijapoa, na kilichofika nyumbani hakimfungi tena kwa tajiri yule.

Jua lilikuwa limekwisha zama tulipomaliza. Kijana alikuwa ameandika ukurasa mzima. Koti liliondolewa katika mpango. Mama atabadilisha laki tano tu ziwe euro, nyingine zitakaa benki. Nikamwomba anionyeshe hiyo kadi yenyewe, maana tulikuwa tumeizungumza saa tatu bila kuiona. Akaitoa ndani ya pochi. Niliigeuza kwenye mwanga wa taa, nikasoma tarehe yake. Muda wake unakwisha mwezi wa nne mwakani, naye anarudi mwezi wa nane.

Jumatatu aliteremka Muheza alfajiri kuomba mpya. Ameambiwa asubiri wiki mbili. Ndege yake inaondoka baada ya siku kumi na saba.